Jinsi ya Kuacha Kujidanganya Kwenye Poka: Mwongozo wa Daftari Moja

Usiku mmoja kwenye meza yetu ya Ijumaa, Kinondoni, ghorofa ya pili, tukiwa tunasubiri chapati zipande ngazi, niliuliza swali la kichokozi: "Hivi tangu tuanze, nani amekula na nani ameliwa?" Tulikuwa sita. Wanne wakasema wamekula. Wa tano akasema amekula, ila kidogo. Mimi nikasema nimetoka sare.

Meza yetu haina mwenye ukumbi anayekata kamisheni. Pesa inayotoka mfuko wa huyu inaingia mfuko wa yule, basi. Sasa kama watano wamekula na mmoja katoka sare, bila shaka kuna mtu wa saba asiyeonekana anayekuja kila Ijumaa kutugawia mshahara wake.

Tangu nianze kusimulia kisa hiki, wanaoanza poka wananiuliza yale yale. Nitajuaje kama nina bahati mbaya au nacheza vibaya? Mbona nacheza vizuri halafu naliwa? Nimeshinda mara nne mfululizo, nipande meza kubwa? Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa sauti za WhatsApp, kwa hiyo naandika mara moja.

Ninaposema poka nina maana ya Texas Hold'em: karata mbili za siri mkononi, tano za wote mezani. Ndugu zetu wa Kenya wana ule mchezo wa "niko kadi" ambao wengi wao nao huuita poka. Mtamu sana, lakini siuzungumzii hapa. Na wapo watakaoniambia kamari ni haramu, funga daftari nenda msikitini. Hoja yao naiheshimu na sina jibu lake. Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari anacheza.

Utakavyohitaji

Daftari dogo la shule. Siyo simu. Kwenye simu unafuta mstari na hakuna anayejua. Kwenye daftari ukichana ukurasa, uzi unalegea na ukurasa mwenzake unadondoka.

Kalamu ya wino, kwa sababu hiyo hiyo.

Taarifa za pesa za simu na za benki, miezi sita kwenda nyuma, mwaka mzima ukiweza.

Alamu.

Mtu mmoja anayeujua mchezo na asiyekuogopa. Mkeo au mumeo anaweza kufaa kwa hatua ya kwanza, ila kwa hatua ya sita unahitaji mchezaji.

Miezi mitatu ya uvumilivu. Ukicheza mtandaoni, historia ya mikono yako (mkono ni mchezo mmoja, tangu karata zigawiwe hadi mshindi achukue pesa) huwa inahifadhiwa, ipakue, utaihitaji. Programu za kuchambua takwimu waachie wengine kwa sasa. Nimewaona watu wenye grafu za rangi saba ambao bado hawajui wameliwa kiasi gani mwaka huu.

Onyo kabla ya kuanza. Kama hujatimiza miaka 18, ishia hapa. Kama pesa unayochezea ni ya kodi ya nyumba, ya ada, au umeikopa, ruka hatua zote uende sehemu ya mwisho. Daftari halitakusaidia kitu leo.

Nadharia, mara moja tu

Kuna maswali mawili, nayo ni tofauti. La kwanza: poka inanigharimu kiasi gani? La pili: je, nacheza vizuri? La kwanza linajibiwa na pesa. La pili linajibiwa na maamuzi yako, karata kwa karata, hata kama uliliwa.

Kujidanganya kwote ninakokujua kwenye mchezo huu ni kuyabadilishana hayo maswali. Ukiliwa, unajibu la pili: "nilicheza vizuri, karata tu zilinikataa." Ukila, unajibu la kwanza: "si unaona hela hii hapa?" Kila siku unachagua swali lenye jibu tamu. Hatua zinazofuata zinakulazimisha kuyajibu yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Hatua ya 1: Itafute namba yako

Kaa na taarifa zako za pesa. Kila shilingi iliyotoka kwenda kwenye poka, iandike. Kila iliyorudi, iandike. Usitumie kumbukumbu hata kwa mstari mmoja. Kama huna ushahidi kuwa pesa ilirudi, haikurudi.

Jumlisha na vile ambavyo hujawahi kuviita poka: bodaboda ya saa nane usiku, chipsi mayai, soda, ile elfu kumi uliyomkopesha jirani yako mezani "aendelee" na hajairudisha hadi leo.

Mimi niliyejiita sare, nilipopiga hesabu ya miezi 14 nikakuta hivi: mezani nimeliwa 870,000. Usafiri wa usiku 290,000. Kula na kunywa 180,000. Jumla hasi 1,340,000. Nilirudia kujumlisha mara tatu, na niseme ukweli, mara ya tatu nilikuwa natafuta kosa kwenye safu ya pesa zilizotoka tu.

Andika namba hiyo juu ya ukurasa wa kwanza, na tarehe. Usiweke maelezo pembeni. Maelezo yana kurasa zao.

*Kosa la kawaida:* kuanza kuhesabu "kuanzia leo" kwa madai kwamba zamani ulikuwa unajifunza. Bado unajifunza. Hata ile ni pesa.

Hatua ya 2: Andika kabla hujakaa

Mistari minne, kila unapokwenda kucheza:

Nimekuja na kiasi gani. Nitaondoka saa ngapi. Nikiliwa kiasi gani naondoka hata kabla ya saa hiyo. Na kwa nini nacheza leo.

Huo mstari wa nne ndio wenye kazi. "Ijumaa ya kawaida" ni jibu zuri. "Nimegombana na bosi" ni jibu zuri pia, kwa maana ya kwamba ni la kweli. Ila likiandikwa kwa wino utaliona lilivyo na huenda ukageuza bodaboda. Mimi niliwahi kuandika "kurudisha ya wiki iliyopita", nikaitazama sentensi hiyo nikiwa nimesimama ngazini, nikapanda. Niliondoka nimeliwa viingilio viwili, laki mbili taslimu.

Hatua ya 3: Sababu kwanza, matokeo baadaye

Ukisubiri uone karata ya mwisho ndipo uandike kwa nini uliingia, utaandika uongo. Utakuwa umeamini kabisa, lakini utakuwa uongo. Akili ikishajua mwisho, inapanga upya mwanzo.

Hutaweza kuandika katikati ya mkono. Wenzako watakupigia kelele, na wana haki. Fanya hivi: kabla hujasukuma chipu (vile vipande vya duara vinavyosimama badala ya pesa), sema sababu moyoni kwa sentensi nzima. "Nafuata kwa sababu nadhani ana jozi ndogo." "Naongeza dau ili wawili wale watupe karata." Karata zikianza kuchanganywa tena, andika sentensi ile ile, neno kwa neno, pamoja na karata zako, dau, na wangapi walikuwemo. Sekunde kumi zinatosha.

Usiandike kila mkono. Chukua ile ambayo angalau blaindi kubwa 20 zako ziliingia. Blaindi ni madau ya lazima ambayo wachezaji wawili huweka kabla ya karata kugawiwa, mmoja ndogo, mwingine kubwa. Kwa usiku mmoja ni mitatu, minne, mitano.

*Angalia:* ukikuta sentensi yako ya moyoni ni "ah, ngoja tuone," iandike hivyo hivyo. Mwezi wa kwanza nilikuwa na "ngoja tuone" kumi na moja. Naweza kukuambia zilinigharimu kiasi gani, maana nimeziandika.

Hatua ya 4: Gawa mikono uliyoliwa kwenye safu tatu

Kesho yake, ukishalala, ukishakula, fungua daftari uchore safu tatu: KARATA, MIMI, SIJUI.

KARATA ni pale pesa ziliingia ukiwa mbele, halafu mezani pakageuka. Umeweka zote ukiwa na ree mbili, mwenzako ana wafalme wawili, mfalme wa tatu akatokea. Mkono huo unashinda kama asilimia 82; maana yake karibu mara moja katika kila tano unaliwa, na hakuna ulilokosea. Andika KARATA, endelea na maisha.

MIMI ni pale ulipokosea. SIJUI ni pale usipojua, na safu hiyo isikutie aibu. Mwanzoni itakuwa ndefu kuliko zote. Daftari lisilo na SIJUI nalitilia shaka.

Sasa nikuonyeshe jinsi mkono unavyohama safu. Ree mbili hugawiwa kwa wastani mara moja katika mikono 221. Kwa mwendo wa meza yetu, mikono 25 kwa saa, saa tatu, ni kama mara moja kwa Ijumaa tatu. Ni karata adimu, kwa hiyo zikivunjwa hazisahauliki, unazisimulia hadi msibani.

Blaindi zilikuwa 500 na 1,000. Mimi wa kwanza kuongea, nina ree ya shupaza na ree ya uru. Badala ya kuongeza dau nikafuata tu kwa 1,000, uso mkavu, najiona mtegaji. Watatu nyuma yangu wakafuata. Mwenye blaindi ndogo akajazia. Mwenye blaindi kubwa akagonga meza, akaingia bure. Sita ndani, poti (pesa zote zinazogombewa mezani) 6,000. Karata tatu za mezani: tisa ya kopa, saba ya kopa, nne ya pau. Nikaweka 4,000. Mmoja akafuata. Yule wa blaindi kubwa, mtu mpole, fundi wa viyoyozi, akaongeza hadi 14,000 huku akitafuna kipande cha chapati. Nikasukuma zote, kama 95,000 zilizobaki. Hakufikiri hata kidogo. Alikuwa na tisa na saba: jozi mbili dhidi ya jozi yangu moja.

Kwa miezi mitano nilisimulia hivi: "Kaka, ree zangu zimevunjwa na tisa-saba! Mtu gani anacheza tisa-saba?" Nao walionisikiliza walisikitika kwa dhati.

Nilipoipitisha kwenye daftari, swali la kwanza tu lilinitoa jasho. Nani alimruhusu kucheza tisa-saba? Mimi. Nilimgawia bure. Ree mbili dhidi ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda kama asilimia 85. Dhidi ya watano wenye karata zozote zinashuka hadi asilimia 49 hivi. Nilikuwa na mkono bora kuliko yote kwenye mchezo nikauza nusu ya thamani yake kwa ajili ya kujiona mjanja. Halafu mtu mpole, aliyekaa kimya usiku kucha, anaongeza dau mbele ya watu wawili, na mimi naona nini? Naona ree zangu tu. Hiyo ni MIMI mara mbili katika mkono mmoja.

*Kosa la kawaida:* kuweka mkono kwenye KARATA kwa sababu "ilikuwa na uchungu sana". Mikono inayouma kuliko yote kwangu mimi imegeuka kuwa ile niliyocheza vibaya kuliko yote.

Hatua ya 5: Ushindi nao uchujwe

Hapa ndipo wengi wanaponiacha. Watu wako tayari kuchambua walipoliwa. Walipokula wanapiga picha chipu.

Chukua mikono uliyoshinda usiku ule ule, uipitishe kwenye safu zile zile. Mfano: karata nne ziko mezani, zako mbili na mbili za mezani ni kopa, unasubiri kopa ya tano, maana karata tano za aina moja ni mkono mkubwa. Poti ina 20,000. Mwenzako anaweka 20,000. Unafuata, kopa inatokea, unavuta poti, watu wanapiga kelele.

Piga hesabu. Hujaziona karata 46. Kati yake kopa ni 9. Nafasi yako haifiki asilimia 20. Bei uliyolipa ni 20,000 ili upate 40,000, bei inayotaka ushinde angalau mara moja katika tatu. Ukiurudia uamuzi huo mara nyingi, kila mara unapoteza kama 8,000 kwa wastani, ukiacha kile utakachoweza kumkamua kwenye karata ya mwisho. Ile poti uliyoivuta kwa shangwe iende safu ya MIMI, na pembeni uandike "nilikula kwa kosa".

Inauma kuliko kuliwa, najua. Lakini yale makosa uliyolipwa kwayo ndiyo utakayoyarudia Ijumaa ijayo, maana hakuna kitu kilichokukemea.

Hatua ya 6: Mpe mwenzako mkono, ficha mwisho

Mara moja kwa wiki mpelekee yule mtu wako mkono mmoja. Mweleze mpaka pale ulipotakiwa kuamua, kisha nyamaza. Usimwambie ulifanya nini. Usimwambie ulikula au uliliwa. Usigune.

Zamani nilikuwa nauliza hivi: "Mzee, nina malkia wawili, jamaa kasukuma zote, nikafuata, kumbe ana ree. Ningefanyaje?" Jibu la rafiki kwa swali kama hilo ni moja tu: "Pole sana, ungefanyaje sasa!" Sikuwa naomba ushauri, nilikuwa naomba pole. Mtu akitaka pole aseme, atapewa, na chai juu.

Ukishapata jibu lake, andika alichosema kabla hujaanza kumbishia.

Hatua ya 7: Iwekee tilti saa

Tilti ni ile hali ya kucheza kwa hasira, au kwa furaha iliyopitiliza. Neno limetokana na zile mashine za mpira wa chuma: ukiitikisa kwa nguvu inajifunga na kuwasha neno hilo. Binadamu hana taa.

Weka alamu kila baada ya saa moja. Ikilia, andika namba kuanzia 1 hadi 5 ya jinsi damu inavyochemka, na sentensi ya mwisho uliyoisema kwa sauti. Sentensi ni muhimu kuliko namba, kwa sababu namba utaidanganya. Ukisoma "endelea tu kucheka" kwa mwandiko wako mwenyewe, huhitaji daktari.

Kila mtu ana dalili zake. Mmoja wetu anaanza kupanga chipu zake upya, anazipanga, anazibomoa. Mwingine anamwangalia mtu mmoja tu mezani kana kwamba wengine wamekwenda zao. Mimi naanza kuongea Kiingereza. Zitafute tatu zako, ziandike nyuma ya jalada, na umwombe jirani yako wa mezani akuambie akiziona. Zikionekana mbili kwa pamoja, simama, nenda kibarazani, kaa mizunguko miwili kamili ya meza. Ukirudi ukakuta bado, chukua koti.

*Angalia:* sentensi "nikirudisha tu yangu naondoka" siyo mpango. Ni dalili. Iongeze kwenye orodha ya kila mtu.

Hatua ya 8: Angalia tundu lililo nje ya meza

Stu Ungar alishinda shindano kuu la World Series of Poker kule Las Vegas mwaka 1980, akalirudia 1981, akapotea, kisha akalishinda tena 1997 na zawadi ya dola milioni 1. Novemba 1998 alikutwa amekufa kwenye chumba cha moteli mjini humo humo, ana miaka 45, milioni haipo. Mezani walikuwa wachache sana wa kumweza. Pesa ziliishia kwenye farasi, kwenye michezo aliyoibetia, na kwenye dawa za kulevya.

Sisi farasi hatuna. Tuna mkeka. Unakula poka Ijumaa, Jumamosi mkeka unachanika dakika ya 90 kwa goli la timu ambayo hata hujui iko nchi gani. Kisha unasema poka hailipi. Fungua ukurasa wa pili wa daftari, andika kila kamari isiyo poka, wiki kwa wiki. Usizichanganye jumla. Kwa baadhi yenu ukurasa huo ndio utakaokuwa na habari yenyewe.

Hatua ya 9: Kila miezi mitatu, amua

Sasa una namba ya pesa na una safu. Zisome zikiwa mbali mbali.

Namba ya pesa inakuambia kama nyumba yako inaumudu mchezo huu. Haikuambii kama wewe ni mchezaji mzuri, angalau si kwa miezi mitatu. Chukua mchezaji mzuri kweli kweli, anayepata wastani wa blaindi kubwa 3 kwa kila mikono 100, kwenye mchezo ambao kupanda na kushuka kwa kawaida ni kama blaindi 90 kwa mikono hiyo 100. Baada ya mikono 10,000 bado ana uwezekano wa asilimia 37 hivi wa kuwa ameliwa kwa jumla. Kwa meza yetu ya mikono 75 kwa usiku, 10,000 ni Ijumaa 133: zaidi ya miaka miwili na nusu bila kukosa hata moja, wala kwenda harusini. Anayecheza mtandaoni meza kadhaa kwa pamoja atafika mapema zaidi.

Kwa hiyo zile Ijumaa nne ulizoshinda mfululizo hazijasema kitu. Wala zile sita ulizoliwa. Kinachosema ni safu ya MIMI: inapungua? Makosa ni yale yale au ni mapya? Makosa mapya ni maendeleo.

Kisha chagua moja: kubaki ulipo, kushuka meza ya chini, au kuacha. Kupanda sikuweka, atakayepaswa kupanda hatahitaji mwongozo wangu. Lipo pia jibu la nne ambalo watu wanaona aibu kulisema: "Mimi naliwa, na nakubali, ni starehe yangu." Mtu analipa kiingilio cha mpira uwanja wa Mkapa na harudishiwi hata timu ikifungwa. Jibu hilo ni halali kabisa, mradi kiasi kimeandikwa na aliye nyumbani anakijua.

Mimi nilishuka. Sasa tunacheza blaindi 100 na 200, na yule fundi wa viyoyozi bado ananila.

Ukikwama

*Nasahau kuandika.* Husahau, hutaki. Angalia ni siku zipi unazosahau. Mimi "nilisahau" Ijumaa nne katika miezi mitatu, zote nilizoliwa.

*Wenzangu wananicheka na daftari.* Watacheka wiki tatu. Ya nne mmoja atakuuliza pembeni unaandikaje. Kwenye ukumbi wenye sheria zake, uliza kwanza kama inaruhusiwa kuandika mezani; pasiporuhusiwa, andika chooni au ukiwa umepumzika.

*Safu ya KARATA ni ndefu mno.* Chukua mikono mitano ya humo umpe mwenzako kwa utaratibu wa hatua ya 6. Mitatu ikirudi MIMI, rudia safu yote.

*Safu ya MIMI ni ndefu mno, nimekata tamaa.* Huu nao ni uongo, ila umevaa kanzu. Kujilaumu kwa kila mkono ni njia ya kukwepa kuangalia mkono mmoja vizuri. Chagua kosa moja tu la mwezi. Langu la kwanza lilikuwa kufuata tu kwa karata kubwa. Nililifanyia kazi wiki sita, mengine nikayaacha yalivyo.

*Namba yangu kwenye ukumbi ni mbaya kuliko ya meza ya nyumbani.* Ukumbi unakata chake kwenye poti. Pale wachezaji wote kwa pamoja lazima waondoke na pungufu ya walichokuja nacho, na unatakiwa uwe bora kuliko wenzako kwa kiasi kinachozidi makato hayo ndipo utoke sare. Andika saa ulizokaa na uulize wanakata kiasi gani.

*Nimeanza kulificha daftari, au nina daftari mbili.* Acha kucheza leo. Vivyo hivyo kama unakopa ili uchezee, kama umeuza kitu cha nyumbani, kama umedanganya mtu kuhusu ulikokuwa. Hapo hakuna tena suala la kucheza vizuri au vibaya. Mwambie mtu mmoja namba ya ukurasa wa kwanza, kwa mdomo, ukimtazama. Mkabidhi laini yako ya pesa kwa muda. Kumbi na tovuti nyingi zenye leseni zina utaratibu wa wewe mwenyewe kuomba uzuiwe kuingia. Uombe ukiwa umeliwa, na uombe muda mrefu kuliko unavyodhani unahitaji. Hospitali yenye kitengo cha afya ya akili inaweza kukusaidia pia kwa hili.

*Daftari limejaa.* Nunua lingine. Kabla hujaandika chochote, nakili jumla ya la zamani juu ya ukurasa wa kwanza wa jipya, pamoja na tarehe ile ile ya mwanzo. Nimewaona watu watatu waliofanya kila kitu kwenye mwongozo huu, halafu daftari jipya wakalianza na sifuri. Langu la tatu limeanza na hasi 1,512,000.